Gari la Kwenda Garda

Jumatatu, 3 Aprili

Malcolm ameninunulia daftari. Lina jalada gumu la buluu, na juu yake ameandika kwa wino mzito: GARDA. Anataka niandike kila kinachofanyiwa gari kuanzia leo mpaka tarehe 11 Julai, siku tutakayopanda feri hapa Hull kwenda Rotterdam.

"Kila kitu, Nori. Hata nikibadilisha balbu. Tukiharibikiwa Ujerumani, fundi akiuliza gari limefanyiwa nini, tunamfungulia kitabu."

Nikamuuliza huyo fundi wa Kijerumani atasomaje mwandiko wangu. Akasema yeye, mume wangu, huu ni mwaka wa arobaini na sita hawezi kuusoma, kwa hiyo hatutapungukiwa na kitu.

Kwa miaka thelathini na minane Malcolm alikuwa fundi wa mabasi ya watalii. Mabasi aliyoyatia oili kwa mikono yake yamefika Salzburg, Venisi na Ziwa Garda kule Italia, yamejaa wazee wa mji huu na biskuti zao. Yeye hajawahi kuvuka. Ndege hapandi, na likizo zetu zote tulikuwa tukienda Hornsea, ambako ni mwendo wa nusu saa na upepo ni uleule. Sasa ana miaka sabini na mbili na gari letu lina kumi na minane, na anasema atafika huko kwa gari lake, akiwa ameshika usukani mwenyewe, kabla hajafa.

Basi naandika. Leo: amefungua boneti, ametazama, ameifunga.

Jumatano, 5 Aprili

Mvua. Amebadilisha vifutio vya kioo.

Jumanne, 11 Aprili

Mvua. Amebadilisha vifutio vya kioo.

Nilimwambia alivibadilisha Jumatano. Akanitazama kama mtu aliyetukaniwa mama yake, halafu akacheka. "Vile vilikuwa vya Uingereza. Hivi ni vya Ulaya." Nikacheka na mimi. Nilitamani sana uwe mzaha.

Jumatano, 19 Aprili

Vifaa vya safari vimefika na amevipanga juu ya meza ya chakula, kwa hiyo tumekula magotini. Pembetatu mbili za tahadhari. Vizibao viwili vya njano vya kung'aa. Boksi la balbu. Stika za kubandika kwenye taa ili mwanga usiwachome macho wenzetu wa ng'ambo, ambao huendesha upande wa kulia. Mbele ya usukani amebandika karatasi ya njano yenye herufi kubwa: KAA KULIA. Nusu ya watu wanaovuka kutoka hapa huibandika, maana ukishazoea kushoto miaka hamsini mkono unakwenda wenyewe, hasa asubuhi ukitoka kituo cha mafuta.

Nikamwambia bado karibu miezi mitatu. Akasema macho yanahitaji kuizoea.

Alinivalisha kizibao kimoja akanizungusha jikoni. "Hata lori haliwezi kukosa kukuona sasa," akasema. Alikuwa na furaha ya mtoto, na mimi pia nilifurahi, sitaki kudanganya.

Alhamisi, 27 Aprili

Amebadilisha oili. Nilipotoka kuanika nguo nikakuta dimbwi jeusi chini ya gari, pana kama sinia. Yeye alikuwa sebuleni anapangusa mikono kwa taulo jeupe. Nikaenda kwa jirani nikaomba mchanga wa choo cha paka wake, nikaumwaga juu ya dimbwi, nikafagia. Jirani hakuuliza wa nini. Sikusema kitu kwa Malcolm.

Naandika sasa kile kisicholihusu gari, na daftari hili nitaliweka kwenye droo ya vitambaa vya kufutia vyombo, ambayo tangu tuoane hajaifungua hata siku moja. Tangu Krismasi Malcolm anapotea. Si barabarani, ni kichwani. Anaingia chumbani na kusimama. Jina la mke wa kaka yake limemtoka kabisa, anamwita "yule wa kofia". Nilimpigia daktari kwa siri, na nafasi kwenye kliniki ya kumbukumbu ni Septemba. Yeye nimemwambia ni miadi ya goti.

Jumanne, 2 Mei

Ukaguzi wa mwaka. Gari limekaguliwa na Trevor, kwenye gereji yake ile ndogo nyuma ya kiwanda cha rangi. Trevor alikuja kwa Malcolm kujifunza ufundi akiwa na miaka kumi na sita. Sasa ana sitini na moja na wajukuu wanne, na Malcolm bado anamwita kijana.

Cheti hakina hata dosari moja. Malcolm amekibandika kwenye friji kwa sumaku, akampigia simu binti yetu Joanne kule Leeds kumsomea. "Dosari sifuri, Joanne. Sifuri. Gari lina miaka kumi na minane." Nilimsikia Joanne akimpongeza kama anavyowapongeza wanafunzi wake.

Alhamisi, 4 Mei

Trevor amekuja mlango wa nyuma, Malcolm akiwa kwa kinyozi. Nadhani alingoja kwenye kona mpaka amwone ametoka. Alisimama jikoni na kofia mkononi, hakutaka kukaa.

"Shemeji, sijui nianzie wapi."

"Anzia kwenye chai," nikamwambia, nikawasha birika.

"Nati za magurudumu mawili ya kushoto zilikuwa zimekazwa kwa vidole tu. Ungeweza kuzifungua hata wewe. Na kizibo cha oili chini ya injini kilikuwa kinachezacheza. Angefika labda mji wa tatu, gurudumu lingemtoka akiwa kwenye barabara kuu."

"Ukafanya nini?"

"Nikakaza. Nikaandika cheti."

"Hukumwambia?"

Trevor akatazama friji, cheti chake kikimtazama. "Nimwambieje, shemeji? Nati ya kwanza niliyokaza maishani, alinishika mkono yeye."

Nilimwambia kuhusu mchanga wa paka. Akanisikiliza na kutikisa kichwa. Tulikunywa chai tukaongea habari za mvua. Watu wa hapa ndivyo tulivyo: nyumba inaweza kuungua na sisi tukaulizana kama mtu ataongeza maziwa. Alipoondoka alisema atapitia gari kila Ijumaa, ajifanye anaazima kitu. Nikamshukuru. Tumekuwa watu wawili wa kumfichia sasa, na nimepata nafuu kubwa. Naandika hivyo na aibu inanipata.

Jumanne, 9 Mei

Bima ya kuharibikiwa njiani. Malcolm alitaka nipige mimi kwa sababu binti wa simu "anaongea haraka". Yeye alikaa mbele yangu na orodha.

Binti alikuwa na adabu. Gari la miaka kumi na minane? Wanalikubali, mradi lina cheti cha ukaguzi. Watatuma fundi popote, saa yoyote. Wasipoweza kulitengeneza watalivuta mpaka gereji ya karibu, na ikishindikana kabisa wataturudisha sisi na gari mpaka mlangoni kwetu. Malcolm alikuwa akiitikia kwa kichwa na kuweka alama.

"Na dereva akiugua njiani," binti akasema, "tutawaletea dereva mwingine wa kuwarudisha nyumbani. Ila iwe ni ugonjwa ambao hamkuujua kabla ya safari. Je, kuna dereva yeyote mwenye hali ya kiafya inayoweza kuathiri uendeshaji wake?"

Malcolm alikuwa ananitazama. Ana macho ya buluu yaliyofifia pembeni, na siku hizi akinitazama hutafuta usoni mwangu jibu la jambo ambalo hajaliuliza.

"Hapana," nikasema.

"Vizuri sana, mama. Dereva ni mmoja?"

"Mmoja." Mimi leseni ninayo, lakini sijagusa usukani tangu Joanne akiwa shule ya msingi.

Nilipokata simu Malcolm alinibusu utosini. Alisema sasa hatuna cha kuogopa.

Jumamosi, 13 Mei

Ameosha gari. Ameliosha tena baada ya chakula.

Ijumaa, 19 Mei

Trevor alikuja kuazima ngazi. Ana ngazi tatu.

Jumapili, 21 Mei

Sijui mkono huu utaandikaje, lakini nisipoandika leo, kesho nitajiambia haikuwa vile.

Asubuhi jua lilitoka, la kwanza tangu Pasaka. Malcolm akasema tulipeleke gari Hornsea kulijaribu, na mizigo yote ndani kama siku yenyewe. Tukapakia masanduku, kreti ya maji, hema ambalo hatutalitumia, na vile vizibao kwenye migongo ya viti kama sheria za huko zinavyotaka. Mjini kote aliendesha vizuri. Aliimba. Nikasema moyoni, Noreen, umezidisha, mtu kusahau vifutio si kosa la jinai.

Tulikula samaki na chipsi ukutani, tukitazama bahari ya rangi ya maji ya kudekia. Aliniambia Garda maji yake ni ya buluu mpaka mtu anaona aibu kuyaoga. Aliambiwa na dereva mmoja mwaka themanini na nne.

Kurudi alipita barabara za ndani, zile nyembamba za mashambani kuelekea Aldbrough, zenye kona za pembe mraba na ua wa miti mirefu pande zote. Tulisimama kidogo kituo cha mafuta. Alitia mafuta, akalipa, akarudi na pipi za mnanaa. Alikaa, akafunga mkanda, akaiangalia ile karatasi ya njano. Nilimwona akiisoma. Midomo ilitembea.

Halafu akatoka akaingia upande wa kulia wa barabara.

Nilidhani anakwepa shimo. Nikangoja arudi. Hakurudi. Alikuwa ametulia, mikono yote miwili juu ya usukani, mwendo wa hamsini, anatazama mashamba.

"Malcolm," nikasema. "Uko upande gani?"

"Kulia," akasema. "Usiogope, bibie. Nimekwisha zoea."

"Malcolm, tuko Yorkshire."

"Bado kidogo tufike mpakani," akasema kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto kwenye kiti cha nyuma.

Nilishika usukani. Aliusukuma mkono wangu. Ndipo kona ikafika, na kwenye kona mwanamke juu ya baiskeli, koti jekundu, kikapu mbele. Alituona na sisi tukamwona. Nilipiga kelele. Malcolm akakanyaga breki, na breki zile alizifanya yeye na Trevor akazipitia, zikashika. Mwanamke aliingia mtaroni na baiskeli yake.

Nilifika kwake kabla Malcolm hajafungua mlango. Alikuwa mzima, magoti yamechubuka, mayai ya kikapuni yote yamevunjika. Ni mtu wa umri wa Joanne. Nilikuwa nikimfuta tope kwa skafu yangu Malcolm alipofika amevaa kizibao cha njano, ameshika pembetatu.

"Dada yangu," akamwambia, "hapa watu huendesha kulia. Utauawa."

Mwanamke aligeuka. Aliniangalia mimi. Hakunitukana, hakuuliza jina wala hakuomba namba ya gari. Aliniangalia tu, na niliona ameshajua kwamba mimi nilikuwa najua, na kwamba nilikaa kwenye kile kiti nikijua. Sijawahi kutazamwa hivyo, na nimefanya kazi jikoni shuleni miaka ishirini.

Tulirudi vipi? Niliendesha mimi. Nilimwambia Malcolm amechoka, akakubali mara moja, akalala kabla hatujafika Aldbrough. Maili kumi na mbili kwa gia ya pili, na foleni ya magari nyuma yangu.

Jumatatu, 22 Mei

Nimeibandua karatasi ya KAA KULIA nikaichana. Saa tisa alikuwa ameshaandika nyingine.

Hakumbuki baiskeli. Anakumbuka samaki, kwamba alikuwa mtamu.

Jumatano, 24 Mei

Nimeiandikia barua ofisi ya leseni. Nilikaa maktaba ili asinione, nikaandika mara nne. Nimeeleza oili, nati, barabara ya Aldbrough. Wanakubali kutomtaja aliyetoa habari, nikachagua hivyo. Nilipofika kwenye sanduku la posta nilisimama kama mtu anayesubiri basi. Ningeweza kumwambia yeye usoni. Ningeweza kuficha funguo nikasema zimepotea. Lakini funguo angezitafuta, na usoni kwake siwezi, naogopa yale macho.

Nimeitia. Nilikwenda kununua mkate, nikarudi.

Alhamisi, 1 Juni

Mvua. Amebandika stika kwenye taa. Taa za nyuma.

Jumatatu, 12 Juni

Barua imekuja na posta ya asubuhi. Nilikuwa kwenye sinki. Alisoma akiwa amesimama, mara tatu, akifuata mstari kwa kidole. Wamepokea taarifa inayowatia wasiwasi. Aonane na daktari wake ndani ya siku kumi na nne. Mpaka hapo anashauriwa asiendeshe.

"Nani?" akasema.

Maji yalikuwa yanatiririka. Nikayafunga.

"Nori, nani anaweza kuniandikia mimi kitu kama hiki?"

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Ilikuwa pana, mlango mzima umefunguliwa. Nilikausha sahani moja, nikaiweka, nikachukua nyingine.

"Trevor," akasema Malcolm. "Anakuja kila Ijumaa kunusanusa. Ngazi. Ana ngazi tatu yule. Juzi aliniambia, 'Mzee, nikukagulie nati kabla ya safari?' Mimi anikagulie nati."

"Huna hakika," nikasema.

Ndilo neno pekee nililomtetea nalo.

Jumatano, 14 Juni

Alikwenda gereji kwa miguu, na mimi nikamfuata nikimsihi arudi. Trevor alikuwa chini ya gari la mtu. Alitoka akifuta mikono.

"Kijana," Malcolm akasema, "niangalie. Wewe ndiye uliyeniandikia barua?"

Trevor hakujua ni barua gani. Nilimwona hajui. Alikunja uso, akafungua mdomo aulize, halafu akainua macho juu ya bega la Malcolm akaniona mimi nimesimama mlangoni, na sijui uso wangu ulikuwaje lakini ulimwambia kila kitu. Haikuchukua muda wa kumeza mate.

"Ndiyo, mzee," akasema. "Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Huwezi kuendesha tena, mzee. Utaua mtu."

Nilitaka kusema. Mungu anajua kinywa kilifunguka. Malcolm alimsogelea. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali apige. "Ulikuja kwangu hujui hata kushika spana. Mama yako alinililia ofisini nikuchukue. Nimekula Krismasi nyumbani kwako." Akanyoosha mkono. "Nipe ile spana yangu ya vipimo."

Spana hiyo, ya kupima nati imekazwa kiasi gani, Malcolm alimpa Trevor siku alipofungua gereji. Trevor aliishusha kutoka ukutani, akaifuta, akaiweka mkononi mwake. Malcolm akaibeba mpaka nyumbani kama bunduki, watu wakimtazama.

Alhamisi, 15 Juni

Nimempigia Trevor kutoka bafuni, bomba limefunguliwa.

"Kwa nini ulikubali?"

"Ungependa ningekataa?"

Nikazidisha maji ya bomba.

"Shemeji, mimi ataniona mara moja kwa wiki, na asiponiona sitakufa. Wewe ndiye utakayemvalisha soksi. Utamwosha. Utamvalishaje soksi mtu anayekuchukia?"

"Nitamwambia ukweli. Akitulia kidogo nitamwambia."

"Mwambie ukiweza," akasema. "Ila usichelewe sana. Unajua mwenyewe kwa nini."

Jumanne, 20 Juni

Daktari alimwambia achore saa inayoonyesha saa tano na dakika kumi. Alichora duara safi kabisa, la mtu aliyezoea kuchora gasketi za injini kwa mkono. Namba zote kumi na mbili akazipanga upande wa kulia.

Alhamisi, 29 Juni

Amekagua upepo wa magurudumu. Yuko vizuri leo, ameniuliza kuhusu dada yangu kwa jina. Nilisema leo ndiyo siku, nitamwambia. Nikatengeneza pai ya nyama anayoipenda. Alikula, akanisifu, akasema, "Watu wawili tu nimewaamini maisha yangu yote, na mmoja kumbe nyoka." Nikamwongezea mchuzi.

Jumatatu, 3 Julai

Leseni imefutwa. Alitakiwa airudishe kwa posta. Aliitoa kwenye pochi mwenyewe, akaitia kwenye bahasha, akalamba, akafunga. Alikuwa mwanamume mzima kwa dakika ile, kuliko wote ninaowajua. Halafu akaenda chumbani, na nikasikia kilio ambacho sikukisikia hata tulipomzika mama yake.

Jumanne, 4 Julai

Anatafuta leseni. Nimemwambia. Amelia upya, kama hajapata kusikia.

Jumatano, 5 Julai

Nimepiga simu kufuta feri na bima. Binti mwingine, adabu ileile. Aliuliza sababu. Nikasema dereva anaumwa. Akauliza kama hali hii tuliijua wakati wa kukata bima. Nikasema ndiyo. Ni mara ya kwanza kumwambia ukweli mtu anayeniuliza, na nimemwambia nisiyemjua.

Joanne anataka kuja Jumapili. Nimemweleza yote kasoro barua. Anasema Trevor ni shujaa.

Ijumaa, 7 Julai

Nimemwambia tena kuhusu leseni. Mara mbili leo. Kila mara anauliza sababu, namweleza, analia. Lakini "nani" haulizi tena. Anasema mwenyewe: Trevor. Hilo halihitaji kukumbushwa. Leseni inamtoka, daktari anamtoka, ofisi inamtoka, ila Trevor amekaa pale kama msumari.

Jumanne, 11 Julai

Siku yenyewe. Alikuwa ameamka saa kumi na moja, amenyoa, amevaa shati jipya na kizibao cha njano juu yake. Masanduku yako sebuleni. Sijui aliyashusha vipi.

Sikuwa na nguvu ya kumwambia tena. Funguo nilikuwa nimempa Joanne Jumapili aondoke nazo, kwa hiyo nikafungua mlango wa gari kwa ufunguo wa akiba, nikautia mfukoni, nikakaa kiti cha abiria. Malcolm akakaa kwenye usukani. Mvua ilianza. Tulikaa pale mbele ya nyumba yetu wenyewe tangu saa mbili asubuhi mpaka karibu saa kumi jioni, na gari halikuwashwa. Nilikuwa nimetengeneza mikate ya nyama na chupa ya chai. Alinitajia miji. Venlo. Koblenz. Ulm. Innsbruck. Majina hayo yote bado anayo, kwa mpangilio wake, kama mabasi yanavyopita. Kila mji nilimuuliza unaonekanaje na akaniambia. Jirani alipita na mbwa akatupungia mkono kama kawaida.

Saa kumi akasema foleni hii haisogei, tuingie ndani tupumzike. Alivua kizibao, akakikunja pande nne. Nilimshika mkono mpaka mlangoni, na nilimpenda kuliko siku ya harusi.

Jumapili, 23 Julai

Gari amelinunua mtu wa Beverley. Malcolm alimweleza historia yake yote, kila nati, na mtu yule alisikiliza kwa heshima. Nilimshukuru kwa hilo kuliko kwa pesa.

Jumamosi, 29 Julai

Mvua. Ameuliza gari liko wapi. Nimesema kwa fundi.

Jumapili, 6 Agosti

Trevor hajakata tamaa. Amekuja kila Jumapili, anabisha, Malcolm anamfungia mlango, anarudi. Leo alileta mabua ya rubabu ya bustanini kwake, yale machachu ya kupikia pai, yamefungwa kwenye gazeti. Malcolm alimwona dirishani akifungua geti.

"Yule nani?"

"Trevor."

"Asiingie."

"Alikufanyia nini, Malcolm?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza. Nilitaka kusikia.

Alifikiri. Nilimwona akitafuta, anainua kitu hiki na kile kichwani, na hakuna kitu chini yake. Usoni hofu ikaanza kumwingia. "Sijui," akasema. "Sikumbuki. Lakini simpendi. Nikimwona hapa panabana." Akajigusa kifua.

Nilipiga magoti mbele ya kiti chake. Nilimshika mikono yote miwili.

"Malcolm, nisikilize. Trevor hakufanya lolote. Ile barua niliandika mimi. Mimi, mkeo. Nilikwenda maktaba nikaiandika, nikaitia posta, halafu nikamwacha yeye aitwe nyoka. Nilikuogopa. Nisamehe, nichukie mimi, ila usimchukie yeye."

Nilikuwa nalia mpaka sioni vizuri. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa, ananisikiliza kwa makini, kama alivyokuwa akisikiliza injini.

"Barua gani?" akasema.

"Ya leseni."

"Leseni ya nani?"

Nilimweleza tangu mwanzo. Oili, baiskeli, mayai, daktari, Garda. Nilipofika mahali pa Garda alitabasamu kidogo, akasema aliwahi kusikia ni pazuri. Halafu akanipapasa mkono kwa upole wa mtu anayemfariji mgeni.

"Pole sana, mama," akasema. "Lakini yule mtu asiingie humu ndani."

Trevor alikuwa amefika kizingitini, nikamsikia akipangusa viatu vyake kwenye zulia. Nikasimama, nikafuta uso, nikatoka kumwambia arudi nyumbani.